Kupanga Njia ya Mwendokasi Kwenye Barabara Kuu Yenye Foleni: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mipango mingi ya mabasi yaendayo haraka huharibikia mezani, kabla greda halijashuka barabarani. Wapangaji huanza na barabara: upana wake, lami yake, pa kuchora mstari. Abiria na basi huja mwisho, wakati zege limeshakauka.

Matokeo tumeyaona. Barabara ya Thika, Nairobi, ilipakwa rangi nyekundu ya njia ya mabasi mwaka 2018 wakati vituo havipo na mabasi hayapo. Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, ilimwagwa zege na kujengewa vituo, kisha ikakaa muda mrefu ikisubiri mabasi huku watu wa Mbagala wakiendelea kugombania daladala pembeni yake.

Mwongozo huu unaanza na abiria, unakwenda kwenye basi, kisha kituo, na barabara inafuata baadaye. Mifano mingi ni ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, ambako awamu ya kwanza ya kilomita 21 hivi ilianza kubeba abiria Mei 2016.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mipaka ya hifadhi ya barabara kisheria. Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekuwa ndani ya zile mita 7.5 za nyongeza kabla ya sheria ana haki ya fidia, na fidia hiyo lazima iwe kwenye bajeti.
- Ramani ya upimaji inayoonyesha miinuko, kalvati, madaraja, mageti, miti mikubwa na vituo vya mafuta.
- Ramani za mabomba na nyaya kutoka mamlaka ya maji, shirika la umeme na kampuni za simu. Usiziamini mpaka umechimba mashimo ya majaribio, hasa pale vituo vitakapokaa.
- Orodha ya leseni za daladala au matatu zinazotumia barabara hiyo: LATRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya.
- Kumbukumbu za mafuriko. Zikikosekana ofisini, waulize wakazi na wenye maduka maji yalifika wapi ukutani, na upime alama hiyo.
- Wahesabuji waliofundishwa, saa, fomu, na kompyuta yenye Excel.
- Mtu wa fedha na mikataba, kuanzia kikao cha kwanza. Akiletwa mwishoni, hatua ya 7 itawashinda.

## Hatua ya 1: Hesabu abiria, si magari

Foleni ndefu haikwambii idadi ya abiria. Magari madogo 40 yenye mtu mmoja mmoja yanajaza barabara kuliko daladala moja yenye watu 30.

Hesabu siku mbili au tatu kati ya Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Epuka likizo za shule, mwezi wa Ramadhani na siku za mvua kubwa; hizo zihesabu peke yake baadaye.

Weka watu wawili kwa kila uelekeo. Mmoja anahesabu magari kwa aina. Mwingine anaandika ujazo kwa alama tano: tupu, nusu ya viti, viti vimejaa, wamesimama, wananing'inia mlangoni. Kabla ya kuanza, kubalianeni kila alama ni watu wangapi kwa Coaster na wangapi kwa Hiace.

Chagua angalau sehemu tano kando ya barabara. Unachotafuta ni sehemu moja tu, ile ambayo abiria ni wengi kuliko kwingine kote katika saa moja. Mara nyingi huwa karibu na katikati ya mji, kabla ya makutano makubwa ya kwanza ambako watu huanza kushuka.

Kisha panda ndani ya daladala na uwaulize abiria wanakotoka na wanakokwenda. Daladala inayotumia barabara yako kilomita 2 tu kisha ikakata kona haikuhamishii abiria wake wote. Ukiwajumlisha wote, utanunua mabasi ambayo hayatajaa. Ukiwaacha wote, utajenga kituo kitakachofurika siku ya kwanza.

Mfano tutakaoutumia kuanzia hapa: katika saa moja ya asubuhi, kuelekea mjini, zimepita Coaster 150 zenye wastani wa watu 32 na Hiace 70 zenye watu 17. Hiyo ni 4,800 na 1,190. Chukua abiria 6,000 kwa saa kwa uelekeo mmoja.

Imefanikiwa ikiwa: hesabu za siku mbili hazitofautiani kwa zaidi ya asilimia 10, na unaweza kuonyesha kwenye ramani sehemu moja iliyobeba namba hiyo.

## Hatua ya 2: Geuza abiria kuwa mabasi

Basi refu la mita 18 lenye kiungo hubeba takriban watu 150 kwa maandishi ya kiwandani. Usipange kwa 150, kwa sababu mabasi hayajai sawasawa. Panga kwa asilimia 85, yaani watu 127.

6,000 gawanya kwa 127 ni mabasi 48 kwa saa, basi moja kila sekunde 75.

Sasa mzunguko. Barabara yetu ya mfano ina kilomita 16. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 23 kwa saa, vituo vikiwemo, safari moja ni dakika 42. Kwenda na kurudi ni dakika 84. Ongeza dakika 8 za kupumzika na kugeuza kila mwisho: jumla dakika 100.

Mabasi 48 kwa saa mara dakika 100, gawanya kwa 60, ni mabasi 80. Ongeza asilimia 10 kwa matengenezo na dharura: mabasi 88.

Rudia hesabu hiyo kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao utaupata njia ikivamiwa na magari mengine na bodaboda. Mzunguko unakuwa dakika 144, na mabasi yanayohitajika pamoja na akiba ni 128. Yaani kuacha njia ivamiwe ni sawa na kutupa mabasi 40. Wapeleke madiwani namba hiyo siku watakapoomba magari ya viongozi yaruhusiwe kupita humo.

Onyo: usikubali kuanza na mabasi pungufu kwa ahadi ya kuongeza baadaye. Mpango wa Barabara ya Morogoro ulihitaji mabasi 305. Huduma ilianza na 140. Msongamano vituoni wa miaka iliyofuata ulikuwa umeandikwa ndani ya tofauti hiyo.

## Hatua ya 3: Kituo ndicho kinachoamua

Hapa ndipo mipango mingi inapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo. Njia moja tupu inaweza kupitisha mabasi mengi mno kwa saa. Kinachozuia ni muda ambao basi linasimama mlangoni.

Chukua abiria 40 wanaopanda na kushuka. Kama kuna ngazi na nauli inalipwa kwa konda kwenye mlango mmoja, kila mtu hula sekunde 3 hivi: basi linasimama dakika 2. Kama sakafu ya basi na jukwaa viko usawa mmoja, nauli imelipwa getini, na milango minne inafunguka pamoja, watu hao hao wanamalizika kwa sekunde 12. Ongeza 10 za kufungua na kufunga milango: sekunde 22.

Sasa pima kama kituo kinatosha. Sekunde 22 za kusimama, na 13 za basi kuondoka na jingine kusogea, ni sekunde 35. Mara mabasi 48, ni sekunde 1,680 kati ya 3,600. Kituo kinatumika asilimia 47 ya saa.

Kikomo ni asilimia 40. Ukikipita, mabasi huanza kupangana nyuma ya kituo, kwa sababu hayaji kwa mpangilio wa saa ya ukutani. Huja matatu kwa pamoja. Kwa mfano wetu, kituo chenye sehemu moja ya kusimama hakifai. Weka sehemu mbili, kila moja ikibeba nusu, na ujazo unashuka hadi asilimia 23 au 24.

Sehemu mbili hazina maana bila njia ya kupitana. Basi la nyuma likimaliza, lazima liweze kulipita la mbele. Acha angalau mita 30 kati ya sehemu hizo ili basi la mita 18 lipate nafasi ya kujitoa. Njia hiyo ya kupitana ndiyo pia itakayokuruhusu kuendesha mabasi ya moja kwa moja yasiyosimama kila kituo.

Vipimo vingine vya kituo:

- Umbali kati ya vituo: mita 500 hivi. Chini ya 300, mwendo unakufa. Zaidi ya 1,000, watu wanarudi kwenye bodaboda.
- Upana wa jukwaa: mita 4 hadi 5, na kwenye vituo vikubwa zaidi ya hapo.
- Mageti: panga watu 20 kwa dakika kwa geti moja la kadi. Kituo chenye abiria 1,800 wanaoingia kwa saa kinapokea 30 kwa dakika, hivyo weka mageti mawili ya kuingilia na la tatu la akiba. Tiketi ya karatasi ni polepole zaidi, na foleni ya kununua hufika barabarani.
- Geti pana moja kwa kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto na mzigo.
- Paa linalofunika mpaka ukingo wa jukwaa, na kuta zinazopitisha hewa. Kituo cha vioo vitupu kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa saa 8 mchana hakikaliki.

Chukua futi kamba na upime pengo kati ya sakafu ya basi na jukwaa. Kwa upana lisizidi sentimita 10. Kwa kimo vilingane kabisa, basi likiwa limejaa na likiwa tupu, kwa sababu springi hushuka watu wakijaa. Kwa hiyo kimo cha jukwaa kiamuliwe baada ya kujua aina ya basi, kamwe si kabla. Jukwaa la zege halishushwi.

Jambo jingine ambalo limeshagharimu pesa: Afrika Mashariki yetu ya pwani na maziwa, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, tunaendesha kushoto. Kituo cha pamoja kikikaa katikati ya njia mbili za mabasi, mlango wa basi lazima uwe kulia. Basi hilo haliwezi kupakia kwenye kituo cha kawaida cha pembeni. Kama unataka basi litoke njia kuu liingie mitaani, agiza lenye milango pande zote mbili.

## Hatua ya 4: Gawanya upana wa barabara

Njia za mabasi zikae katikati. Pembeni kuna mageti, vituo vya mafuta, magari yaliyoegeshwa, bajaji zinazosubiri abiria na maji ya mvua.

Mgawanyo wa kawaida mahali pasipo na kituo:

- Njia mbili za mabasi, mita 3.5 kila moja: 7
- Njia nne za magari mengine, mita 3.25 kila moja: 13
- Kingo za kutenganisha: 1
- Njia za baiskeli: 4
- Njia za waenda kwa miguu: 6
- Mifereji: 2

Jumla mita 33. Penye kituo ongeza mita 7 za njia za kupitana na mita 5 za jukwaa: mita 45. Kwenye hifadhi ya mita 60 inaingia bila shida. Kwenye mita 40, panga majukwaa ya pande mbili yapishane, moja mbele jingine nyuma, ili njia za kupitana zisikutane mahali pamoja.

Ikibana zaidi, punguza njia ya magari binafsi. Wengi hukimbilia kukata njia ya waenda kwa miguu, na hilo linaua mradi wenyewe: kila abiria wa mwendokasi anafika kituoni kwa miguu.

Madaraja na makalvati yapime ya kwanza. Daraja moja lenye upana wa njia nne linaweza kurudisha foleni yote uliyoiondoa.

## Hatua ya 5: Makutano na vivuko

Gari linalokata kulia linavuka njia za mabasi. Ukiruhusu kukata kulia kila makutano, taa zinahitaji awamu nne, yaani zamu nne za kuruhusu magari. Kwenye mzunguko wa sekunde 120, ukitoa sekunde 4 za kuacha makutano yawe tupu kwa kila awamu, kila upande unabaki na sekunde 26. Ukizuia kukata kulia, awamu zinakuwa mbili, na kila upande unapata sekunde 56.

Kwa hiyo zuia kukata kulia kwenye makutano mengi, na uonyeshe kwa ramani dereva atageuzia wapi. Usipomwonyesha, atageuzia ndani ya njia ya mabasi.

Kituo kisikae mdomoni mwa makutano. Acha mita 40 kati ya jukwaa na mstari wa kusimamia taa. Pakikosekana nafasi, angalau urefu wa basi moja na nusu. Vinginevyo basi linalosubiri taa linaziba mlango wa basi linalofuata.

Zungumza na jeshi la polisi mapema. Trafiki akiongoza kwa mkono hushikilia upande mmoja dakika kadhaa, mabasi yanakusanyika, kisha yanafika kituoni yote kwa mkupuo. Makubaliano ya lini taa ziachwe zifanye kazi yaandikwe na yasainiwe.

Kwa wavukaji, weka kivuko cha usawa wa barabara chenye taa na tuta, popote magari yanakwenda kasi ya mjini. Daraja la juu lenye uwazi wa mita 5.5 chini yake, kwa mteremko wa 1 kwa 12 unaofaa kiti cha magurudumu, linahitaji njia ya mita 66 kila upande, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Watu hawataipanda, watavuka chini na kugongwa. Daraja libaki kwa barabara za kasi zenye njia nyingi kama ya Thika.

## Hatua ya 6: Maji, zege na karakana

Basi lililojaa linalosimama mahali palepale kila sekunde 75 hukunja lami ikawa mawimbi, hasa kwenye joto. Sehemu za vituo na makutano ziwe zege, kwa kawaida la sentimita 25 hadi 30 juu ya msingi imara. Unene halisi auamue mhandisi wa tabaka za barabara baada ya kupima udongo.

Kuhusu maji, somo letu ni Jangwani. Karakana ya awamu ya kwanza ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mara kadhaa mvua kubwa ziliponyesha, mabasi yalihamishwa, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale, na huduma ikasimama kwa sababu ya kipande kimoja cha chini.

Karakana iwe juu ya alama ya mafuriko, na iwe karibu na mwisho wa njia wanakoanzia abiria wa asubuhi. Kuhusu ukubwa, basi la mita 18 linahitaji nafasi ya mita 20 kwa 3.5, yaani mita za mraba 70, na kiasi kama hicho tena cha kugeuzia. Mabasi 88 yanataka zaidi ya mita za mraba 12,000 za maegesho peke yake, kabla ya gereji, mafuta au gesi, sehemu ya kuoshea na ofisi. Kiwanja cha ekari 3 hakitoshi.

## Hatua ya 7: Mabasi, mkataba na watu wa daladala

Anza hatua hii siku moja na hatua ya 3. Tenga angalau miezi 18 kati ya kutangaza zabuni ya mabasi na basi la kwanza kubeba abiria: kuagiza, kutengeneza, kusafirisha, kutoa bandarini, kusajili, kufundisha madereva. Zabuni ikitangazwa baada ya zege kukamilika, vituo vitakaa vitupu na vifaa vitaanza kuibwa.

Mlipe mwendeshaji kwa kilomita alizoendesha kwa ratiba, si kwa vichwa vya abiria. Akilipwa kwa abiria, ataweka mabasi saa za kujaa tu na kuwaacha watu wa saa 4 usiku. Nauli iingie kwenye akaunti ya mfumo, ikusanywe na kampuni tofauti na inayoendesha mabasi.

Andika makato kwa namba: basi lisilotoka, mlango usiofunga, kiyoyozi kibovu, kuruka kituo. Andika pia wajibu wa serikali, kwa mfano kulipa ndani ya siku 30. Mwendeshaji asiyelipwa kwa wakati hanunui tairi, na baada ya miezi mabasi yanakaa juu ya mawe gereji.

Wenye daladala wakae mezani wangali na leseni. Wape njia tatu za kuchagua: hisa katika kampuni mpya, njia za mlisho zinazoleta abiria kwenye vituo vikubwa, au leseni ya barabara nyingine. Makonda na madereva waorodheshwe kwa majina. Mageti, usafi, ulinzi na udereva ni ajira wanazoziweza.

Njia za mlisho zianze siku ileile. Mtu wa ndani, kilomita 3 kutoka barabara kuu, asipopata gari la kumleta kituoni, kwake mradi haupo. Nauli ya mlisho na ya njia kuu ziunganishwe kwenye kadi moja.

## Hatua ya 8: Jenga bila kuua barabara

Jenga kwa vipande vya kilomita 2 hadi 3, na usifungue kipande kipya kabla mabomba ya kipande hicho hayajahamishwa. Ucheleweshaji mwingi hutoka kwenye mabomba na fidia, si kwenye zege.

Cheti cha mazingira, NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya, kiwe mkononi kabla ya mkandarasi kuingia. Wamachinga waonyeshwe eneo jipya lenye wateja kabla ya kuondolewa. Wakihamishiwa pasipopita mtu, watarudi kwenye njia ya waenda kwa miguu ndani ya wiki moja.

## Hatua ya 9: Jaribu, kisha fungua

Endesha mabasi matupu wiki 2 hadi 4, kwa ratiba kamili, saa za foleni. Kisha weka abiria bila nauli siku chache ili mageti na milango vizoeane na watu.

Wakati wa majaribio, simama jukwaani na saa mkononi. Andika sekunde kutoka magurudumu kusimama mpaka kuanza kuzunguka tena. Ukipata 40 pale ulipopanga 22, tafuta sababu: dereva amesimama mbali na jukwaa, mlango mmoja haufunguki, au watu wamesongamana karibu na geti kwa sababu hakuna alama za kuwaonyesha milango mingine ilipo.

Mfumo uko sawa ikiwa, miezi mitatu baada ya kufunguliwa:

- mwendo wa wastani saa za foleni ni kilomita 20 hadi 25 kwa saa;
- abiria wa kituo chenye watu wengi zaidi anapanda basi la kwanza au la pili, si la tano;
- mabasi yanayotoka karakana kila asubuhi ni asilimia 90 ya yaliyomo kwenye mkataba;
- uvamizi wa njia unakamatwa kwa kamera au askari, na faini zinalipwa;
- hesabu ya hatua ya 1, ikirudiwa mahali palepale, inaonyesha abiria wengi kuliko mwanzo.

Hesabu hiyo irudiwe kila mwaka. Abiria wakikaribia 9,000 kwa saa kwa uelekeo mmoja, utahitaji mabasi 71 kwa saa, na hata vituo vyenye sehemu mbili vitafika asilimia 35. Zabuni ya mabasi ya nyongeza na upanuzi wa vituo inatakiwa iwe imeshatangazwa kabla ya hapo.